Mwaka Herufi za Kawangware Zilipokonda

Enzi zetu, ukitaka kujua kama duka lina kitu, hukuingia ndani kuuliza. Ulisimama barabarani ukatazama herufi za bango. Zikiwa zimenona, zina tumbo na mashavu, ulijua sukari ipo, mafuta ya kupima yapo, na mwenye duka hana kisirani. Zikiwa nyembamba, ulipita zako. Vijana wa leo wakinisikia nikisema hivi wanacheka, halafu wanatafuta duka kwa simu, na simu inawaambia wamefika hali wamesimama mbele ya ukuta wa nyumba ya watu. Wacheke tu. Sisi hatukuwahi kupotea.

Herufi zile zilitoka mkononi mwa baba yangu, na nikisema hivyo najigamba, sina aibu. Baba, Fundi Wandera, alitoka Samia, kule magharibi, akiwa kijana, akaja Nairobi kutafuta kazi, akapata ya kupaka rangi nyumba za wakubwa kule Loresho. Alikuwa na brashi moja tu, ile pana ya ukuta. Siku moja Mzee Kamande, mwenye bucha pale kwetu Kawangware, akamwomba amwandikie bango. Baba hakuwa na brashi ya kuandikia, na hakuwa mtu wa kukubali kwamba hana. Akachovya ile ya ukuta, akaanza. B ikatoka na matumbo mawili yanayoning'inia. Akaona vibaya kuiacha peke yake, akawapa na wenzake matumbo. Lilipokauka, neno BUCHA lilikuwa kama watu watano waliotoka harusini wakabanana kwenye benchi moja. Lilikuwa jekundu, na kivuli cha manjano upande wa kulia.

Kivuli hicho ndicho kilichokuwa fahari yake. Kwa baba kazi haikuwa imekwisha mpaka kivuli kiwekwe. Mama aliita chakula, ugali ukapoa, na baba yuko nje amechuchumaa mbele ya plaiwudi akijibu, "Bado kivuli."

Sasa wiki ile Kamande aliuza nyama mpaka akabaki na kwato. Hakuna aliyesema labda ni kwa sababu ilikuwa mwisho wa mwezi. Mtaa mzima ulisema ni herufi. Mwenye mashine ya kusaga unga akaja, fundi viatu akaja, mama wa saluni akaja, kanisa likaja. Hata fundi wa majeneza alikuja, na baba akamwuliza kwa upole kama kweli anataka neno JENEZA lichekelee watu namna ile. Akasema lichekelee tu, maana wateja wake wenyewe hawasomi. Bucha ya pili ilipofunguliwa, mwenyewe alitaka herufi zinazomzidi Kamande kwa kilo. Kamande akarudi aongezwe. Yule naye akarudi. Wakashindana hivyo mpaka herufi zikaziba matundu yake yote, mabango yakabaki kama mikate mitano myekundu juu ya mlango, na hakuna aliyelalamika kwamba hayasomeki. Nani alikuwa hajui pale ni bucha?

Na yupo jirani yetu, Mama Shiru, aliyekuwa na mtoto asiyenenepa. Alimleta baba chumbani kwake aandike SHIRU ukutani juu ya kitanda, herufi nono iwezekanavyo. Mtoto akanenepa. Ni kweli mama yake alianza pia kumpa uji wa wimbi asubuhi na jioni, lakini uji haukupewa sifa yoyote.

Sisi watoto wa Fundi ndio tulikuwa wembamba, tena sana. Mama yangu alizoea kuuliza, "Wandera, hizo herufi unazilisha nini, na mbona hazitubakishii?" Baba alicheka kwa aibu. Nyumba yetu ya mabati ilinuka mafuta ya taa ya kuoshea brashi, na hadi leo nikisikia harufu ya mafuta ya taa nahisi njaa ya githeri, mahindi na maharagwe ya mama. Tukitoka shule na paketi zetu za maziwa za pembe tatu, tunacheza kati kwa mpira wa soksi, bano za gololi, blada ya kuruka, halafu baba ananiita. Alikuwa ananilaza juu ya plaiwudi, nikajikunja, akapitisha chaki mgongoni mwangu. C zote za Kawangware zilikuwa mgongo wangu. O zilikuwa kifuniko cha sufuria ya mama, ndiyo maana sufuria ile haikuwahi kufunikwa wakati wa mchana.

Basi mimi nilijua kuandika kabla ya kujua shule. Na nilijua kuandika kulivyokuwa kwetu: unachora herufi kwa nje, unaipa tumbo, unaijaza, unaiwekea kivuli. Walimu wa madarasa ya chini walinipenda mno. Waliwaonyesha wenzangu daftari langu, wakasema huyu ni msanii. Darasa la kwanza maneno ni machache, nani angeona hatari?

Hatari ilionekana mwanzoni mwa darasa la nane. Mwalimu Mutiso, aliyetufundisha Kiswahili, alitupa insha ya majaribio, "Siku Nisiyoisahau," kurasa mbili kwa dakika arobaini. Muda ulipokwisha nilikuwa nimeandika "Siku hiyo niliamka." Nilikuwa bado naweka kivuli kwenye K. Mwalimu alitazama, akageuza karatasi kuona kama kuna kitu nyuma, akanipa alama moja. Akasema hiyo ni ya kuamka.

Kesho yake alimwita baba shuleni. Baba alikuja amevaa koti lake la kanisani, rangi nyekundu ikiwa bado kwenye kucha. Mwalimu Mutiso hakumzungusha. "Fundi," alisema, "mtoto wako ana akili. Lakini mtihani hautamngojea anenepeshe maneno. Asipoandika herufi nyembamba, sekondari ataiona kwa nje tu."

Niseme wazi jambo hili lilikuwa na uzito gani. Baba aliacha shule darasa la tatu. Kitu alichokuwa akiniambia tangu nikiwa mdogo, akinikunja kwenye plaiwudi, kilikuwa kimoja: "Mimi naandika majina ya watu, mama. Wewe utaandika mambo yako." Aliniita mama kwa sababu nimepewa jina la mamake, Nabwire. Siku ile tulirudi nyumbani kwa miguu. Alikuwa amenishika mkono wa kulia, ule wa kuandikia, na alikuwa akiutazama kama mtu anayetazama kitu alichokiharibu mwenyewe.

Tulijaribu kila kitu. Mama alininunulia kalamu yenye ncha nyembamba zaidi sokoni. Nikachora kwa nje na kujaza ndani, ikachukua muda mrefu zaidi. Wakanifunga uzi kwenye kidole. Wakaninyima chakula cha jioni mpaka niandike mstari mmoja mwembamba, nikalala njaa, na asubuhi mama akasema huo ni ujinga, akanipa chai na viazi vitamu viwili. Nililia sana siku zile. Nilijua akilini ninachotaka kuandika, lakini mkono ulikuwa ukisimama kwenye kila herufi kuipa tumbo.

Hapo ndipo baba alipopata wazo lake. Alisema mkono unafuata macho. Kutoka mlango wetu mpaka lango la shule, macho yangu yalipita herufi nono tupu, asubuhi na jioni, miaka yote. Ningeandikaje nyembamba? Dawa ilikuwa kuzikondesha zote.

Alikwenda Dagoretti Corner kwa Mzee Jaswant, mwenye duka la rangi na misumari, akaomba brashi nyembamba kuliko zote. Mzee Jaswant alikuwa amemuuzia baba rangi kwa ndebe miaka mingi, na hakuwahi kumsikia akiomba kitu chembamba. Akauliza ni ya nini. Baba alipomweleza, alicheka mpaka akaketi juu ya mkebe wa rangi. Halafu akaacha kucheka, akampa brashi ya pili bure, na akamwambia bango la duka lake pia likondeshwe. Baba akamwambia mtoto hapiti huku kabisa. Mzee Jaswant akasema hata kama, asiachwe nje.

Jumapili baada ya ibada baba alianza na bango la Kamande. Alifuta kwa rangi nyeupe, akaandika upya kwa herufi nyembamba, zimesimama wima, hazina mashavu wala kivuli. Nilimshikia ngazi. Nilidhani amewaomba ruhusa wenye maduka. Hakuwa amewaomba.

Jumatatu asubuhi wateja walifika kwa Kamande, wakatazama juu, wakatazamana, wakaondoka. Kufikia saa sita ilishasemekana mtaani kwamba bucha imekonda. Jioni Kamande alikuja kwetu na aproni yake, akaketi kwenye kiti cha baba, akakataa chai. Sisi tulikuwa nyuma ya pazia lililogawa nyumba.

"Fundi," akasema, "mimi sina maneno mengi. Rudisha tumbo la herufi zangu. Watu wananiuliza kama ng'ombe alikufa mwenyewe."

Baba akamweleza kwa sauti ndogo. Mwalimu, insha, dakika arobaini. Kamande alisikiliza bila kutikisa kichwa. Mwisho akasema niitwe na daftari langu. Nilitoka nalo. Akaniambia niandike jina lake. Nikaanza K. Alinitazama nikichora mguu wa kwanza, tumbo la mguu wa kwanza, mguu wa pili. Chai aliyoikataa ikapoa. Nilipofika M, alitoa pumzi ndefu.

"Huyu mtoto anaandika bucha," akasema. Akageukia baba. "Mtihani ni lini?"

"Novemba," baba akajibu.

"Basi tutafunga saumu mpaka Novemba."

Na kweli walifunga. Kamande mwenyewe ndiye aliyezunguka akiwaeleza wengine, na siku za Jumapili zilizofuata mtaa mzima ulikonda. Saluni, viatu, unga, kanisa, majeneza. Mtu akitoka Kangemi alituuliza kama huku kuna ukame. Kuna watu waliapa suruali zinawaanguka. Fundi wa majeneza peke yake ndiye hakupata hasara. Alisema wateja sasa wanaingia na adabu. Mama Shiru alikataa katakata kugusiwa jina la mtoto, lakini alilifunika kwa leso nikienda kucheza na Shiru. Na lori la mikate, lililokuwa na maandishi manene ya kutoka viwandani huko, lilipokuwa likipita asubuhi wakati wa kwenda shule, kina mama walijipanga barabarani wakanyoosha leso zao kulikinga mpaka nipite. Nikawa nasikia mbele yangu, kioski hadi kioski, "Nabwire anapita, Nabwire anapita." Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Niliona aibu mpaka nikatamani ardhi inimeze. Leo nikikumbuka nataka kupiga magoti.

Kufikia Agosti K yangu ilipoteza tumbo. Septemba niliandika ukurasa mzima. Kila jioni kabla ya jua kuzama baba alichukua daftari, akalisogeza mbali na macho, akakagua. "Imekonda vizuri, mama," alisema. Nilimwona hana furaha sana, lakini nilidhani ni uchovu. Miezi yote hiyo alikuwa hajashika ile brashi pana. Ilikuwa imetundikwa msumarini, imekauka.

Siku ya mtihani mtaa ulinyamaza kama msibani. Kamande hakufungua. Insha ilikuja, na sitasahau mkono wangu ulivyokimbia. Maneno yalitoka membamba, yamenyooka, yakafuatana kwa haraka mpaka nikajiogopa. Nilimaliza na dakika zikabaki. Vidole viliwasha. Nilitaka kuinenepesha nukta ya mwisho tu, ile moja, nani angejua? Nikaukalia mkono mpaka msimamizi akakusanya karatasi.

Jioni hiyo baba alikuwa ameshaloweka brashi pana kwenye mafuta ya taa. Walimkusanyikia mbele ya bucha, mtaa wote, mpaka Mzee Jaswant alikuja kutoka Dagoretti Corner na mkebe wa rangi nyekundu. Baba akapanda ngazi akaandika. Alipoweka kivuli cha mwisho akashuka, akarudi nyuma kutazama. Watu walinyamaza kidogo. Kamande aliinamisha kichwa upande huu, akakiinamisha upande ule. "Ziko sawa, Fundi," akasema. Wote wakasema ziko sawa. Wakapiga makofi, nyama ikachomwa, mimi nikala mpaka nikaumwa na tumbo. Januari nikaenda sekondari ya bweni, na sikufikiria herufi tena.

Miaka imekwenda. Siku hizi nafanya kazi Upper Hill, kwenye ofisi ya bima, ambako kutwa nzima najaza fomu za visanduku vidogo kwa mwandiko ambao wakubwa wangu husifu. Baba amezeeka, anakaa nasi karibu na Adams Arcade. Bango la Kamande lilishuka zamani, Kamande mwenyewe tulimzika, na pale palipokuwa na bucha sasa pana ghorofa lenye jina linalowaka kwa umeme. Na binti yangu Naliaka, msichana aliyesomea kuchora kwa kompyuta, amekuja kunifundisha kwamba herufi nono ndiyo habari ya mjini. Ziko kwenye vikombe vya kahawa, kwenye fulana, kwenye kadi za harusi. Anaziita retro. Nilimwuliza retro ni nini, akasema, "Ni kitu old, Mum, lakini imekuwa cute." Nilijitazama kwenye kioo.

Mwezi uliopita alitupeleka Loresho. Mteja wake amefungua mahali pa kahawa katika bustani ya nyumba kubwa, na ukuta mzima ni herufi ambazo Naliaka amezibuni mwenyewe: za mviringo, za rangi ya chungwa, na vivuli. Alitaka babu azione. Baba alisimama pale muda mrefu na fimbo yake. Sina hakika, lakini nadhani ukuta ule alishawahi kuupaka. Akagusa B.

"Zimevimba," akasema. "Hazijanona."

Naliaka hakukasirika, ni mtoto mzuri. Alimwuliza tofauti ni ipi. Kisha akaleta ubao mweupe na kalamu nene ya wino. "Babu ya rafiki yangu hawezi hata kutuma text," alisema akicheka, "na wewe unanikosoa font. Haya, nionyeshe."

Baba akachukua kalamu. Akachora B. Ikatoka imenyooka, tumbo limeingia ndani. Akaifuta kwa kiganja akachora nyingine. Ile ile. Ya tatu aliichora polepole, ulimi umetokeza kama zamani, na ikatoka nyembamba kama zile za mwaka ule. Nikasema ni uzee, baba, mkono unatetemeka. Akatikisa kichwa.

"Si uzee, mama. Mkono huu ulikonda ule mwaka wa mtihani. Haukunenepa tena."

Nikamwambia haiwezekani. Na bango la Kamande, siku ile ya makofi? Na saluni, na kanisa, yote aliyoandika upya?

"Yalitoka membamba. Niliyazungushia rangi, lakini yalikuwa membamba." Akafunika kalamu vizuri, kama mtu anayerudisha kitu cha watu. "Kamande aliona. Wote waliona. Walisema ziko sawa kwa sababu wewe ulikuwa umesimama pale."

Nilikumbuka kichwa cha Kamande kikiinama huku na huku. Nilikumbuka kile kimya kifupi ambacho mimi, mtoto, nilidhani ni watu kustaajabu. Mtaa mzima ulijua kwamba Fundi wao amekwisha, wakala nyama, wakapiga makofi, wakaendelea kumpa kazi miaka ishirini, na hakuna hata mmoja aliyenitajia. Siku hizi Naliaka anabonyeza kitufe herufi zinanenepa, anabonyeza tena zinakonda, haziumi mtu. Ni vizuri. Lakini sijui leo ni mtaa gani ungekubali kukondeana mwaka mzima kwa ajili ya mtoto wa fundi rangi.

Tulipokuwa tukitoka, getini askari alitusimamisha na kitabu cha wageni. Kule ukiingia unaandika, ukitoka unaandika. Nilishuka garini nikashika kalamu, na badala ya ule mwandiko wangu wa ofisini, mkono ukachora N kwa nje. Sikuwa nimefanya hivyo tangu nina miaka kumi na tatu. Nikaipa tumbo. Nikaijaza. Nikaenda A. Nyuma yetu gari la kwanza likapiga honi, la pili likafuata. Nilipita mstari wa mgeni aliyefuata, na wa aliyemfuata huyo.

"Madam," askari akasema kwa heshima, "umemaliza ukurasa wa watu."

Baba alikuwa ametoa kichwa dirishani. Aliitazama ile B ya jina langu kwa muda, jina la mamake, midomo ikimcheza.

"Hiyo imeshiba," akasema.

Askari akanyoosha mkono achukue kitabu chake. Honi zilikuwa zimefika nne. Nikamwambia angoje kidogo, bado kivuli.